Kwenye kompyuta inalia, kwenye chaji kimya: Leonardo yangu na wataalamu wa "umeme hautoshi"

Naandika kwa hasira kidogo, maana ushauri wa "umeme hautoshi" umenila hela bure.

Hapa Nkuhungu, Dodoma, maji ni ya mgao, na yakija mara nyingi ni usiku. Nikaunda kengele: sensa juu ya simtanki, bodi ya Arduino Leonardo (kijikompyuta unachokiandikia programu), spika ndogo. Ikiwa kwenye kompyuta inalia safi, vipimo naviona kwenye dirisha la siriali, lile la kompyuta linaloonyesha maandishi yanayotumwa na bodi. Nikiihamishia kwenye chaji ya simu, kimya.

Fundi mmoja wa Majengo akaniambia, "Kaka, hiyo chaji feki, chukua hii ya ampea 2." Elfu kumi na kitu ikaondoka. Kimya vilevile. Mwingine akasema bodi imekufa. Imekufa vipi, na mezani inalia? Halafu tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa hadi miliampea 500, na chaji yangu ya zamani ni ampea 1. Iweje mwenye kidogo ndiye aiwashe?

Hapo ndipo nilipojiona mpelelezi. Nikairudisha kwenye kompyuta, dirisha la siriali nikaliacha limefungwa. Kimya! Umeme uleule, waya uleule. Nikalifungua: piii. (Waya usio na nyaya za data ni ugonjwa mwingine, huo kompyuta haiioni bodi kabisa.) Kuthibitisha, nikaweka amri ya kuwasha taa ya pini 13, chini yake ya kuizima, na katikati nikaubana mstari uliokuja na programu ya mfano ya sensa:

while (!Serial);

Kwenye chaji taa ikawaka, isizime. Nimekukamata!

Mstari huo unaiambia bodi isubiri hadi kompyuta ifungue mawasiliano. Kwenye Uno, bodi nyingine ya Arduino, hauna madhara: USB inashughulikiwa na chipu ya pembeni, programu inapita tu. Leonardo inaongea USB yenyewe, kwa chipu ya ATmega32U4 hiyohiyo inayoendesha programu, kwa hiyo itasubiri hata mwaka. Nikaubadilisha:

while (!Serial && millis() < 3000);

Sekunde 3 zikipita bila msikilizaji, kazi iendelee. Juzi saa tisa usiku imeamsha nyumba nzima, na majirani wawili.

Bodi ya Raspberry Pi Pico ukiiandikia kwa Arduino ina tabia hiyohiyo, usikimbilie kununua chaji. Ila kwa mstari huu mpya, ukichelewa kufungua dirisha, mistari ya mwanzo utaikosa. Mimi hainisumbui, ya kwangu ya mwanzo ni salamu tu.