Kuku wa Vineland: walionusurika vita walivyoanza upya

Sheria ya Marekani ya Juni 1948 iliwafungulia mlango wakimbizi wa vita, ila kwa sharti chungu: lazima mtu awe ameshaingia Ujerumani, Austria au Italia kufikia tarehe 22 Desemba 1945. Wayahudi wengi wa Poland walikimbilia huko 1946, hasa baada ya mauaji ya Wayahudi katika mji wa Kielce, Poland. Wakaachwa nje mpaka sheria ilipofanyiwa marekebisho 1950. Kwangu hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma.

Waliofika, baadhi yao walielekea Vineland, New Jersey, kufuga kuku wa mayai. Wengi hawakuwahi kufuga. Lakini kazi hii haikudai Kiingereza kingi, mume na mke waliifanya pamoja, na Jewish Agricultural Society, shirika la kuwasaidia wakulima Wayahudi, ilikopesha.

Shida ilikuwa miezi ya mwanzo. Kifaranga wa siku moja huhitaji joto la nyuzi 35 hivi, linalopunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Joto likishuka ghafla usiku, vifaranga hurundikana pembeni na wa chini hukosa hewa. Matandiko yakilowa, kuhara damu huingia. Kutaga huanza kwenye miezi mitano. Mpaka hapo chakula kinanunuliwa kila siku na senti haiingii, hivyo mkopo huishia kwenye magunia. Kisha kuna kuokota mayai, kuyasafisha, kuyamulika kwa taa na kuyapanga kwa ukubwa.

Bei ya mayai ilipoporomoka miaka ya 1950, wengi waliacha ufugaji wakatafuta kazi nyingine.