Kasa kwenye laptopu

Alhamisi chuo cha Kurani hakuna, kwa hiyo binti wa kaka yangu huja kwangu hapa Wete, Pemba, kujifunza kuandika programu za kompyuta. Ana miaka 12, kuchora anapenda, hesabu anazikimbia. Ndiyo maana nilimwanzisha na kasa.

Kasa huyu ni kialama kinachochora kwenye skrini kwa amri unazoandika, naye yumo ndani ya Python yenyewe, lugha ya kuandikia programu. Ukishaiweka kwenye mashine huhitaji tena intaneti, na sisi wa bando la kupimiana tunajua raha yake. Asili yake ni Logo, lugha waliyoitunga Seymour Papert na wenzake huko Marekani mwaka 1967 kwa ajili ya watoto. Unamwamuru aende mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, na kila anakopita anaacha mstari.

Mraba ulitoka upesi. Aliandika mbele, kulia, mbele, kulia, mpaka bibi yake aliyekuwa akisuka ukili pembeni akauliza, "Kwani huyo mdudu hana akili, kila hatua aambiwe upya?" Swali hilo ndilo nililokuwa nikilingojea. Tukafuta yote, tukaandika rudia mara 4, na chini yake amri mbili tu, zimesogezwa ndani kidogo. (Python imeshikilia hiyo nafasi, ukiisahau, inagoma.)

Ikaja pembetatu. Skuli wameshamwambia kuwa pembetatu ya pande sawa ina nyuzi 60 kila pembe, basi akaandika 60, rudia mara 3. Kasa akaenda, akakunja kidogo, akakunja tena, akaishia mbali na alipoanzia. Umbo limebaki wazi.

"Ami, kompyuta imekosea."

Mkono uliniwasha nichukue kipanya. Sikukigusa. Kwa maoni yangu hapo ndipo wakubwa tunapowaharibia watoto: tunarekebisha sisi, wao wanatazama. Nilimwambia ainuke, awe kasa mwenyewe. Akatembea barazani, akafika kwenye kona, akageuka mpaka akaelekea upande unaofuata. Akasita.

"Mbona nimegeuka sana? Hii si 60."

Alikuwa akiipima pembe ya ndani, na kasa hugeuka kwa ile ya nje: 180 ukitoa 60, inabaki 120. Na anayezunguka umbo zima hugeuka nyuzi 360, wala haijalishi lina pande ngapi. Hilo la pili alilitamka mwenyewe, kwa maneno yake, huku bado amesimama barazani.

Akarudi, akaandika 120, pembetatu ikafunga. Kisha akaikumbuka ile 60 yake. Akairudisha, safari hii mara 6, ikatoka pembesita safi kabisa. Alicheka mpaka bibi akaacha ukili aje kuona.

Sasa anataka nyota ya ncha tano. Inatoka kwa nyuzi 144, lakini simwambii. Ameshaanza kugawanya 360 kwa 5, anapata 72, na nyota haiji.