Sekunde Kumi za Uso

Binti yangu aliuliza juzi, tukiwa mezani: "Baba, hapo watu wanacheka nini? Serikali si ipo hapa hapa?"

Alikuwa ameikuta ile filamu yetu ya stesheni. Mnaijua. Kijana wa mwaka 1973, suruali ya pekosi, raizoni miguuni, anarusha kofia juu pale kwenye stesheni ya zamani ya reli ya kati, na kofia inamshukia kichwani mwaka 2015. Mtu wa kwanza kukutana naye ni muuza zabibu. Anampenda papo hapo, lakini kwa kuwa ni kijana wa TANU, anatanguliza mambo ya taifa: "Dada, serikali imeshahamia?" Dada anatafuna zabibu yake, anatazama kushoto, anatazama kulia. "Bado."

Mwaka ule Dodoma nzima ilikuwa inacheka kwa neno hilo moja. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yaje huku, na miaka zaidi ya arobaini baadaye wazazi wetu walikuwa bado wanaambiwa yanakuja. Sasa nenda kamweleze mtoto ambaye akipita Mtumba anaona wizara zimejipanga. Nilimwambia habari za Julai 2016, Magufuli alipotangaza kwamba safari hii wanahama kweli, nikamwambia mwaka 2018 ndipo tukawa jiji. Alisikiliza kwa adabu. Kwake yeye yule dada amekosea jibu, basi. Filamu ya kuruka miaka nayo imerukwa, na ile "sasa" yetu imekwenda kukaa na 1973 upande mmoja.

Lakini mimi swali lake lilinipeleka kwingine, kwenye ile jioni ya uchambuzi.

Tulikuwa tumekodi ukumbi mdogo nyuma ya Nyerere Square, projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani. Mwalimu (nitamwita hivyo tu, mwenyewe hapendi kutajwa) alikuwa mtu wa kamera tangu enzi za mikanda, na masharti yake yalikuwa mawili: filamu itaonyeshwa kwanza mpaka mwisho, watu wacheke wanavyotaka, halafu itarudiwa, na yeye ndiye atashika kitufe cha kusimamisha.

Ile ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilikuwa mahakama.

Alianza na sifa, nadhani ili tulegee. Aliipenda kofia. Hatukuwa na hela ya maajabu ya kompyuta, kwa hiyo kamera inaifuata kofia ikipanda hadi fremu nzima inabaki mbingu, halafu inashuka nayo. Huko juu ndiko tulikokata. Kiangazi cha Dodoma hakina hata wingu moja la kukusaliti. Bluu ya asubuhi ya 1973 na bluu ya 2015 zilishonana usione uzi. Mwalimu alipeleka fremu moja moja, ishirini na tano kwa kila sekunde, akautafuta mshono, akaukosa mara ya kwanza. Akatusimulia habari za Georges Méliès, Mfaransa aliyesema kamera yake ilikwama akipiga picha barabarani Paris, ikaendelea baada ya muda mfupi, na alipoitazama kazi yake akaona basi la farasi limegeuka gari la maiti. "Mnaona? Mashine ya wakati ni mkasi," alisema.

Akaisifu na sauti. Upepo wa 2015 unaanza kusikika tukiwa bado 1973, sekunde moja hivi kabla ya kofia kushuka, kwa hiyo sikio linavuka kabla ya jicho. Ukweli ni kwamba maiki ilikuwa inapulizwa vibaya sana siku ile na tuliumwaga ule upepo kila mahali kuficha. Hilo hakuna aliyelisema.

Kwenye "Bado" alisimamisha. Akaeleza kwa nini inachekesha: fremu ni pana, wote wawili wanaonekana mpaka miguu, mmoja amekakamaa kama mwenge, mwenzake anatafuna bila haraka. Ungeisogeza kamera, alisema, ungepata huzuni au tangazo la dawa ya meno. Watu wakaitikia. Nilikuwa nimeanza kujisikia fundi.

Kisha akabonyeza kuendelea, na ukutani ukatokea uso wa dada.

Uso peke yake, umejaa shuka lote. Anatazama pembeni, upepo unamvuruga nywele, anazisogeza, anataka kutabasamu, anaghairi. Mwalimu akaiacha iende mpaka mwisho. Akairudisha. Akaiacha tena.

"Hii shoti inafanya kazi gani?"

Kimya. Upande wa dirisha, yeye mwenyewe, aliyeigiza, alikuwa amekaa na mfuko wake wa karanga.

"Kichekesho kimekwisha. Kijana ana shoti za sekunde mbili mbili. Hii ni sekunde kumi. Fremu mia mbili na hamsini. Nani amehariri?"

Nikanyoosha mkono.

"Haya, kijana. Nieleze."

Nilikuwa na nadharia mfukoni, nikaitoa. Nikasema mwalimu, kuna Kuleshov, Mrusi, alichukua uso mmoja wa mwigizaji usiosema kitu, akauweka karibu na bakuli la supu, karibu na jeneza, karibu na mwanamke, na watazamaji wakaona njaa, msiba, tamaa, ilhali uso ni ule ule. Maana yake uso unahitaji muda ili mtazamaji aujaze mwenyewe.

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali. "Vizuri sana. Kuleshov aliweka supu. Wewe karibu na uso huu umeweka nini?"

Akabonyeza. Shoti iliyofuata ilikuwa uso wake tena, kwa pembe nyingine.

"Uso," alisema mwalimu, "halafu uso."

Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka vile, hata kwenye "Bado" hawakufika hapo. Mtu wa taa alikaa chini. Yule aliyeigiza kijana wa TANU alinipiga begani, "Kaka, kumbe mwenye mapenzi kwenye hii picha si mimi!" Mimi nilikuwa natazama waya wa projekta. Nikikumbuka leo, ninachokiona ni ule waya, plasta nyeusi iliyozungushwa kwenye maungio, na kivuli cha panka kinaukata.

Kicheko kilipopungua, ikasikika sauti ya dirishani. "Mwalimu, iache tu."

Hakusema zaidi. Mwalimu akamtazama, akanitazama, akasema haya, tuendelee. Yaliyobaki aliyapitia haraka mno: mwanga wa jioni haulingani, mwisho umewahi, majina yana makosa ya herufi. Alishauri uso ule ubaki sekunde mbili, na kwa ufundi alikuwa sahihi kabisa. Toleo lililozunguka ni la sekunde mbili. Alilolikuta binti yangu ni lile jingine, na sijui nani alilihifadhi, kwa sababu mimi nilikuwa na hakika nimelifuta.

Tulipotoka tulishuka pamoja, mimi na yeye, mpaka Jamatini kungoja daladala. Nilingoja aseme jambo. Akamaliza karanga kwanza.

"Ile shoti ya pili," akasema. "Pua yangu imekaaje pale?"

Nikamwambia kosa si la pua, ni la lenzi. Lenzi pana ukiisogeza karibu na uso hukuza kilichotangulia mbele, yaani pua, na kurudisha masikio nyuma. Kwa sura ya mtu ni heri urudi hatua kadhaa utumie lenzi ndefu, milimita hamsini kwenda juu, na ikiwezekana themanini na tano.

"Kwa hiyo ulijua," akasema, "na bado ukaiacha."

Daladala ya Nkuhungu ikaja, akapanda, mimi bado niko kwenye milimita.