Teriyaki ya ng'ombe, chap chap

Nimerudi kazini hoi, foleni ndiyo hiyo, na wali wa mchana upo. Nikasema leo teriyaki, ile nyama ya Kijapani ya sosi tamu ya soya.

Steki niliitoa friza bado ngumu ngumu, hapo ndipo inakatika nyembamba. Kikaango kikapata moto, nyama dakika 2, nikaiepua.

Kwenye mafuta yaleyale: soya sosi, sukari, tangawizi, saumu, siki kidogo. (Wajapani wanatia mirin, mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia. Mtaani kwetu utaipata wapi?) Chumvi sikugusa, soya inatosha.

Sasa ile sosi ikianza kukauka! Mapovu yanakuwa mazito, mwiko ukipita unaacha njia. Rudisha nyama hapo hapo. Inang'aa kama imepigwa vanishi.

Ufuta juu, basi.

Mdogo wangu kaidai na kachumbari. Na imeendana, jamani!

Nyie mngeila na nini?