Jumamosi ya mratibu wa Sande Skuli, Mbeya mjini

Jumapili asubuhi waumini wakiwaona watoto wametulia kwenye mikeka, wanaimba na kujibu maswali, hudhani kazi ndiyo inaanza. Kwa mratibu wa watoto na vijana kama mimi, katika usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), sehemu kubwa ya kazi huwa imeshakwisha Jumamosi jioni. Mratibu si mwalimu wa watoto. Kazi yake ni kuhakikisha wanaofundisha hawaingii darasani mikono mitupu. Jumamosi hii ni ya Septemba, wiki chache kabla ya Sikukuu ya Mikaeli (malaika mkuu) na Watoto. Watoto wanaotarajiwa kesho ni kama 80.

Saa 12:30 asubuhi: simu

Kundi la WhatsApp la walimu linasaidia lakini halitoshi. Wenye simu za kitochi hawaoni ujumbe, na wenye simu janja huusoma wakanyamaza. Kwa hiyo napiga, tena kabla ya saa 1:30, kwa sababu baada ya hapo mmoja yuko sokoni Mwanjelwa anapanga biashara, mwingine yuko shambani ambako mtandao ni wa kubahatisha.

"Shikamoo mama. Kesho upo na wale wadogo?"

"Marahaba mwanangu. Nipo, ila tuna msiba Uyole, huenda nikachelewa kidogo."

Mwalimu akisema "huenda nikachelewa", mhesabu kuwa hayupo, utafute wa akiba saa hiyohiyo. Kila kundi linahitaji watu wazima wawili, hata kama watoto ni kumi tu. Mmoja anafundisha, mwingine anatazama: nani anataka kwenda chooni, nani analia, nani ametoka bila kuaga. Wawili pia ni ulinzi, wa mtoto na wa mwalimu mwenyewe. Akipungua mmoja na wa akiba asipatikane, makundi mawili yanaunganishwa. Mwalimu haachwi peke yake na watoto chumbani, awe mwaminifu kiasi gani.

Saa 2:00: steshenari na soko

Fedha inachukuliwa kwa mhazini kwa kusaini, risiti zinarudi Jumatatu. Picha za kupaka rangi ndizo hula bajeti ikiwa kila mtoto atapewa karatasi nzima. Panga picha nne kwenye ukurasa mmoja wa A4, toa kopi, kisha kata. Kwa watoto 50 wa makundi mawili ya chini zinatosha karatasi 13, na picha mbili zinabaki. Kuna faida nyingine: mtoto wa miaka minne anamaliza picha ndogo kabla hajachoka, lakini ile kubwa huishia kupakwa kona moja.

Kalamu za rangi za nta zinawafaa wadogo kuliko penseli za rangi, maana penseli zinataka kichongeo na kichongeo kimoja huzua foleni na ugomvi. Zigawe kwenye makopo matupu, kopo moja kwa watoto sita. Zilizovunjika usizitupe, vipande ndivyo hukaa vizuri kwenye vidole vidogo.

Uji wa kesho: watoto 80 kwa robo lita kila mmoja ni lita 20. Hapo zinaingia kilo 2 za unga wa ulezi, na sukari kilo moja na robo. Unga ukorogwe kwanza kwa maji ya baridi ndipo umiminwe kwenye yanayochemka, la sivyo ni mabuja matupu. Upikwe mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka, kwa sababu ukipoa unakaza. Kuhusu unga wa lishe uliochanganywa karanga na soya, mimi siununui kwa ajili ya kundi. Yupo mtoto ambaye karanga humvimbisha midomo, na mzazi wake huenda hajamwambia mtu.

Saa 3:00: kipaimara

Anayefundisha ni mchungaji au mwinjilisti. Mratibu anashika daftari la mahudhurio na makaratasi. Mafunzo ni ya miaka miwili, na vurugu kubwa hutokea mwishoni wakati wa kuandaa orodha ya kubarikiwa, yaani kupewa kipaimara: cheti cha ubatizo hakionekani, jina la kwenye cheti si lile la shuleni, familia ilihama kutoka Kyela bila barua ya utambulisho. Dai vyeti mwezi wa kwanza wa mafunzo. Barua ya kuomba nakala kutoka usharika mwingine inaweza kuzunguka miezi. Wanaosoma bweni wapangiwe vipindi vya likizo ya Juni na Desemba, na waandikwe kwenye daftari lao, wasionekane watoro.

Msingi wa somo ni Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Meza ya Bwana. Kukariri ni rahisi kwa watoto hawa, shule imewazoesha. Ugumu uko kwenye maana. Leo ni amri ya saba, usiibe, na maelezo yake yanagusa pia kumpunja jirani kwa bidhaa mbovu au kwa hila. Badala ya kuuliza "wizi ni nini?", mwinjilisti anauliza kuhusu lumbesa: gunia la viazi lililoshonewa kichwa juu, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Nani kaiba hapo? Mnunuzi? Dalali? Mkulima aliyekubali, akaficha viazi vidogo katikati? Darasa la watoto wa Mbeya litabishana dakika ishirini bila kusukumwa. Kuna jambo dogo la kuwaandaa nalo: rafiki zao Waanglikana wanaihesabu amri hiyohiyo kuwa ya nane. Mtoto asiyeelezwa atadhani mmojawapo kadanganywa.

Saa 5:00: mazoezi ya Mikaeli

Tarehe yenyewe ni 29 Septemba, na sharika nyingi huiadhimisha Jumapili iliyo karibu. Siku hiyo watoto ndio wanaoongoza: wanasoma masomo, wanaomba, wanaimba, wanakusanya sadaka. Makosa hujirudia kila mwaka. Anachaguliwa mtoto wa mzee wa kanisa ambaye sauti yake haivuki benchi la pili. Ngonjera inaandikwa beti kumi na mbili, wakati nne zinatosha. Mazoezi yote yanafanywa bila kipaza sauti, kisha siku yenyewe mtoto anasikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye spika, anaganda.

Dawa yake ni kufanya mazoezi kwa kipaza sauti tangu wiki ya kwanza na kuweka kibao cha kusimamia mbele ya mimbari. Somo liandikwe upya kwa herufi kubwa, mistari ikatwe pale pa kupumua. Kila nafasi iwe na mtoto wa akiba aliyefanya mazoezi sawasawa na mwenzake, maana mafua ya Mbeya hayaangalii ratiba ya kanisa. Mabawa ya malaika ya kadibodi yanapendwa sana na wazazi. Mimi nayapinga, yanakwama mlangoni na kumchoma wa nyuma machoni.

Saa 7:00 mchana: chumba

Napita na nyundo. Misumari iliyochomoza kwenye mabenchi inagongwa. Wadogo wanakaa chini, maana benchi la watu wazima linaacha miguu yao ikining'inia, na mtoto anayening'inia hatulii. Sakafu ya saruji ni ya baridi, kwa hiyo turubai kwanza, mkeka juu yake. Ndoo ya koki ijazwe, sabuni iwepo, choo kiwe wazi.

Jiko la mkaa haliingii chumba cha watoto kwa sababu yoyote. Mwezi wa sita na wa saba baridi ikibana, mtu mwenye huruma huleta jiko, anafunga madirisha ili joto lisitoke. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na inaua. Watoto wavae masweta, waimbe wakiruka.

Mvua zikianza Novemba kuna shida ya bati: ikinyesha, mwalimu hasikiki. Kila kikapu kiwe na kazi ya mvua, yaani picha za kisa zinazoonyeshwa moja moja na kuchora, bila maelezo marefu.

Saa 8:00: walimu

Saa mbili hizi ndizo ninazozilinda kuliko zote. Mwalimu aliyelisoma somo kwa mara ya kwanza Jumapili asubuhi atawasomea watoto kutoka kwenye karatasi, na watoto wataangalia mende ukutani.

Somo la kesho ni Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mti ili amwone Yesu, Luka 19:1–10. Tunalisoma kwa sauti mara mbili, kisha kila mwalimu anaandika sentensi moja: mtoto ataondoka na nini? Ikizidi sentensi moja, hajaamua. Kwa wa miaka 3–5: Yesu alimjua Zakayo kwa jina, anakujua na wewe. Kwa 6–8: Zakayo alirudisha alichochukua. Kwa 9–12: kwa nini watu walinung'unika Yesu alipoingia nyumba ile, na wewe ungenung'unika? Kisa ni kimoja na milango ni mitatu. Muda wa kusimulia ni dakika 10 kwa wadogo, 15 kwa wa kati, 20 kwa wakubwa. Ukizidisha unawapoteza.

Kisha kila mmoja anafundisha dakika tano mbele ya wenzake, ambao wanajifanya watoto, na wengine huvaa uhusika mno, wanadai kukojoa. Tunatazama mambo machache. Je, anawapa watoto mgongo akiandika ubaoni? Anauliza maswali ya "sivyo watoto?" yanayojibiwa "ndiyooo" hata na aliyelala? Swali zuri kwa somo hili ni: "Ungekuwa jirani yake Zakayo, fedha yako ikarudi mara nne, ungemwambiaje?" Hapo jibu haliwezi kuwa "Yesu", ambalo watoto wa Sande Skuli hulitoa kwa kila swali.

Kuna tahadhari moja ya kisa hiki. Mwalimu akicheka sana ufupi wa Zakayo, mtoto mfupi kuliko wote darasani ataitwa Zakayo hadi Krismasi. Mtaje kuwa mfupi mara moja, endelea na mti.

Aya ya moyo, yaani ya kukariri, ni mstari wa 10. Wakubwa wanaandikiwa wote ubaoni, maneno yanafutwa moja moja huku wakirudia, hadi ubao ubaki mtupu. Wadogo wanapewa maneno manne tu, "alikuja kutafuta na kuokoa", kwa ishara za mikono.

Kwa walimu wa mitaa ya nje ya mji: mtoto wa miaka minne anayelelewa na bibi huenda anasikia Kisafwa au Kinyakyusa kuliko Kiswahili. Simulia kwanza kwa lugha ya nyumbani kwake, Kiswahili kifuate kwenye wimbo. Fimbo haina nafasi darasani, wala vitisho vya moto. Anayesumbua anahamishiwa karibu na mwalimu wa pili, anapewa kazi ya kugawa makopo.

Nusu saa ya mwisho ni ya usalama. Wadogo wanapokelewa kwa kadi mbili zenye namba ileile, moja inafungwa kwenye nguo ya mtoto, nyingine anabaki nayo mzazi. Kaka wa miaka saba si mzazi, hata akilia. Mwalimu mmoja anasimama getini, kwa sababu bodaboda hujipanga pale ibada inapotoka. Picha za watoto haziwekwi kwenye stetasi bila ridhaa ya wazazi.

Na mtoto akimwambia mwalimu kwamba anaumizwa? Msikilize. Usimhoji kama askari, usimwahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa. Siku hiyohiyo taarifa ifike kwa mchungaji na kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 kutoa taarifa ni wajibu wa kila mtu katika jamii. Kikao cha ukoo cha kuyamaliza nyumbani si njia. Akitajwa kiongozi wa kanisa, mwalimu asipitie kwa kiongozi yeyote, aende moja kwa moja ustawi au polisi.

Saa 10:30 jioni: vijana

Kwaya ikiachiwa, inakula jioni yote, na kijana asiyeimba anakuja mara mbili, ya tatu haji. Kwa hiyo saa moja ni ya kwaya, dakika 40 ni za wote: leo ni jinsi ya kuandika mapato na matumizi ya biashara ndogo, wiki ijayo Biblia. Wanafunzi wa vyuo huondoka na kalenda ya vyuo vyao, ndiyo maana uongozi hauwekwi kwao peke yao. Vijana ndio wanaozaa walimu wapya: anaanza kama msaidizi kwa miezi sita, anashika daftari na makopo, ndipo anapewa somo. Msaidizi wa chini ya miaka 18 hahesabiwi kati ya wale watu wazima wawili.

Saa 12:30: vikapu

Vikapu vitatu, kimoja kwa kila kundi. Ndani ya kila kimoja kuna Biblia, daftari la mahudhurio na kalamu mbili, picha zilizokatwa, makopo ya rangi, kadi za namba, kazi ya mvua, kitambaa cha kufutia, na bahasha ya sadaka. Sadaka ya watoto inahesabiwa na wawili, inaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, wanasaini wote, inafika kwa mhazini kabla ya saa sita mchana. Orodha imebandikwa ndani ya kifuniko, ili kinachopungua kionekane bila kuniuliza.

Ufunguo wa pili anabaki nao mlinzi. Ibada ni saa 2:00, lakini mlango wa watoto unafunguliwa saa 1:15 na mwalimu mmoja wa kila kundi anakuwepo, kwa sababu watoto wa jirani huja wenyewe mapema, na wakikuta pamefungwa hushuka kucheza barabarani.