Si Lasix yenye jina refu: ninavyomeza kidonge cha mseto cha kukojosha

Aliyeniambia "hiyo ni Lasix tu, wamebadilisha jina" ndiye aliyenitia hasira ya kuandika haya. Kidonge changu kimeandikwa 50/20 kwenye karatasi yake ya fedha. Maana yake ni spironolaktoni miligramu 50 na furosemaidi miligramu 20 zilizogandamizwa pamoja. Furosemaidi ndiyo Lasix yenyewe: inaifanya figo iachie chumvi na maji kwa kasi, na potasiamu nayo inatoka kwa mkumbo huohuo. Spironolaktoni inazuia homoni inayoiamuru figo ishike chumvi. Inakojosha polepole, tena inaibakiza potasiamu ndani. Moja inamwaga, nyingine inaziba, ndiyo maana zikawekwa chombo kimoja. (Mseto ninaosema si ule wa malaria.)

Kuna na mseto mwingine, amiloridi 5 na haidroklorothiazidi 50. Majina tofauti, mpango uleule: amiloridi inabakiza potasiamu, mwenzake anaimwaga. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "dawa ya kukojosha", muulize kwanza ni ipi. Ushauri wa anayemeza Lasix peke yake unaweza kumuua anayemeza mseto.

Mimi nilipona chupuchupu, na kilichotaka kunipeleka ni dafu.

Moyo wangu umetanuka, namezea pia enalapril, dawa ya moyo na presha, nayo inabakiza potasiamu. Mwezi wa kwanza misuli ya ndama ikawa inakaza usiku. Jirani, mtu mzima mwenye uzoefu wa Lasix miaka mingi, akanipa dawa: "Potasiamu inakwisha hiyo. Kunywa dafu mbili kwa siku, na ndizi mbivu." Hapa Tanga dafu si kitu cha kutafuta. Nikanywa siku tisa, tena kwa raha, kila asubuhi baada ya kidonge na kila jioni kabla ya magharibi. Hesabu nilikuja kuifanya baadaye: maji ya dafu moja yanayokaribia nusu lita yana potasiamu kama gramu moja, zaidi ya ndizi mbili. Mimi nilikuwa nimeshaziba matundu mawili ya kutokea, halafu nikafungulia bomba.

Nilipopimwa damu, potasiamu ikatoka 6.6. Kawaida ni kama 3.5 hadi 5.0. Daktari hakunikaripia, alinilaza palepale nikapimwa umeme wa moyo, ukawa mzima. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mzee, ulipotolewa damu ulikunja ngumi?" Nilikunja, nikakunjua, nikakunja tena kama mara kumi na tano, maana mshipa wangu unajificha na kijana wa maabara alinihimiza. Kumbe kukunjakunja ngumi huku mkono umefungwa mpira kunasukuma potasiamu kutoka kwenye misuli kuingia kwenye damu ileile inayochotwa. Na damu ikivutwa kwa nguvu kwenye bomba la sindano jembamba, au ikikaa saa nyingi kabla ya kupimwa, chembe zake zinapasuka na kumwaga potasiamu yake. Tukarudia, mkono umelegea, chupa imepelekwa maabara wakati huohuo: 5.7. Kwa hiyo dafu lilipandisha kweli, ngumi ikatia chumvi.

Akanisimamishia mseto siku tatu, nikabaki na furosemaidi peke yake, dafu nikaagana nalo. Ikashuka 4.9. Na ule mkazo wa ndama? Haukuwa potasiamu hata kidogo. Nilikuwa napoteza maji haraka mno, karibu kilo mbili kwa siku katika wiki ile ya kwanza. Dozi ilipopunguzwa, misuli ikatulia.

Tangu hapo mpira ukishafungwa mkono wangu unalala kama maiti. Waambie wasikukunjishe ngumi. Mshipa ukijificha, maji ya uvuguvugu kwenye mkono dakika tano yanautoa.

Ratiba ya damu niliyopewa ni hii: kabla ya kuanza, wiki ya kwanza, wiki ya nne, kisha kila baada ya miezi michache, na kila dozi ikibadilishwa naanza tena wiki ya kwanza. Vinavyotazamwa ni potasiamu, sodiamu na kreatinini, yaani taka inayoonyesha figo inavyofanya kazi. Gharama si ndogo, inatoka elfu kumi na kitu mpaka thelathini, inategemea umepimia wapi. Usiseme "najisikia vizuri, sina haja". Potasiamu ikipanda haipigi hodi. Wengine wanapata ulegevu wa miguu au moyo kurukaruka, wengine hawapati kitu mpaka moyo unasimama.

Saa ya kumeza. Furosemaidi inaanza ndani ya saa moja na kumaliza kama saa sita baadaye. Nikimeza saa moja asubuhi, saa mbili naanza safari za choo, saa saba mchana niko huru. Mwenye vidonge viwili anaambiwa cha pili asikivushe saa nane au saa tisa alasiri, vinginevyo usiku mzima ni kuamka, na wazee wengi wanaanguka gizani wakienda chooni. Siku ya basi la alfajiri kwenda Dar mimi simezi saa moja. Nameza nikifika, mradi isipite saa kumi. Ikipita, siku hiyo imekwenda, na kesho nameza kimoja kama kawaida. Kufidia kwa viwili usijaribu.

Jambo moja la kuchekesha: dawa hizi mbili zinagombana hata mezani. Spironolaktoni inaingia mwilini vizuri zaidi ukiwa umekula, furosemaidi inapenda tumbo tupu. Usihangaike kuwapatanisha. Chagua njia moja, kila siku hiyohiyo. Mimi nameza baada ya chai. Na usikate tamaa siku ya pili ukiona miguu bado minene, kwa sababu spironolaktoni inahitaji siku mbili tatu ndipo ishike kazi sawasawa.

Mizani ndiyo bosi. Napima kila asubuhi nikitoka kukojoa, kabla ya chai, nikiwa na kikoi kilekile, mizani ikiwa juu ya sakafu ya saruji. Juu ya jamvi inadanganya. Naandika kwenye kalenda ya ukutani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kilo zinazopanda kwa siku mbili si unene, hakuna anayenenepa kwa kasi hiyo. Nikiongeza kilo mbili ndani ya siku tatu nampigia daktari. Nikipungua zaidi ya kilo moja kwa siku, mfululizo, nampigia pia, kwa sababu figo inakaushwa. Mwenye maji tumboni kutokana na ini, kama miguu yake haijavimba, anatakiwa apungue polepole zaidi, nusu kilo tu kwa siku. Maji ya tumboni hayarudi kwenye damu haraka, na ukiyakimbiza unaishia kuikausha damu yenyewe huku tumbo liko palepale.

Na siku tumbo limejaa, halitaki chakula, na mkojo haupatikani ingawa umemeza, usiongeze kidonge cha pili na cha tatu. Utumbo wenyewe umevimba, dawa inaingia kwa kusuasua. Hapo inatakiwa sindano, na sindano iko hospitali. Pumzi ikikatika ukilala chali, usingoje hata asubuhi.

Kubonyeza muundi kwa kidole gumba, ukahesabu mpaka kumi, ukatazama shimo, ni kipimo kizuri ila hakisemi sababu. Shangazi yangu alipewa dawa ya kukojosha kwa miguu iliyovimba, akakojoa mpaka kizunguzungu, miguu ileile. Aliyeivimbisha ni amlodipine, dawa yake ya presha. Inalegeza mishipa midogo, maji yanavuja kwenda kwenye vifundo, na kukojoa hakuyarudishi. Alipobadilishiwa dawa ya presha, viatu vikaingia. Huku pwani kuna na matende. Hayo ni njia za limfu zilizoharibiwa na minyoo, mkojo hauhusiki. Usipoteze hela ya kidonge hapo; kuosha mguu kwa sabuni, kuukausha vizuri, kuunyanyua na kuufanyisha mazoezi ndiko kunakosaidia. Mjamzito naye asiguse mseto kwa sababu ya miguu kuvimba. Aende kliniki akapimwe presha na mkojo.

Chumvi niliidhani naijua. Nikaondoa kibakuli mezani, nikajiona mshindi, mizani ikakataa. Tukaanza upelelezi jikoni. Wa kwanza kukamatwa: magadi. Mke wangu anatia kwenye maharage yaive upesi, na magadi ni sodiamu kama chumvi, tofauti ni ladha tu. Wa pili, vile vidonge vya mchuzi vya mchemraba. Wa tatu, ng'onda, ambaye hata ukimloweka usiku kucha bado ni samaki wa chumvi. Wa nne sikumdhania kabisa: paracetamol ya kuyeyusha kwenye maji, ile inayochemka. Kidonge kimoja kinaweza kuwa na sodiamu karibu gramu 0.4, na kiasi kinachoshauriwa kwa siku nzima hakifiki gramu 2, yaani kijiko cha chai kimoja cha chumvi kwa kila kitu unachokula. Siku hizi nanunua ile ya kumeza ya kawaida. Ndimu, pilipili, tangawizi na kitunguu saumu vimechukua nafasi, na sasa mchuzi wa harusini ndio unaonishinda. Ila usiende dukani kununua "chumvi ya wagonjwa wa presha". Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Umetoka kwenye dafu umeingia kwenye kopo.

Kama umewekewa kikomo cha maji (si kila mtu anawekewa, uliza), mbinu yangu ni hii. Asubuhi najaza chupa ya lita moja na nusu. Kila ninachokunywa, iwe chai, uji, supu au maji ya kumezea dawa, namimina kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa kwenda kwenye ndoo ya mchicha. Chupa ikiisha, siku imeisha. Mchicha wangu umestawi kuliko mimi. Kuula ndiyo shida nyingine, una potasiamu nyingi, kwa hiyo tunauchemsha, tunamwaga maji yake, na nauonja mara chache.

Maumivu ya mgongo: diclofenac na ibuprofen hapana, hata kama ni ya jana tu na hata kama kakupa mtu wa duka la dawa. Zinaibana figo, zinarudisha maji, na zikikutana na enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojosha, figo inaweza kugoma ndani ya siku chache. Septrin nayo inapandisha potasiamu, na watu wengi wanaimeza bila kuihesabu kama dawa. Kila ninapoandikiwa dawa mpya namuonyesha mwandikaji kile kidonge, karatasi yake na namba zake, sisemi "ya moyo".

Kuharisha au kutapika: nasimamisha mseto na enalapril, napiga simu, na narudia vyote nikianza kula na kunywa vizuri, kwa kawaida baada ya siku moja au mbili. Hili nilikubaliana na daktari mapema, limeandikwa kwenye kadi. Joto la Januari na Februari nalo linataka uangalifu. Ukiinuka kitandani kaa ukingoni kwanza, hesabu thelathini, ndipo usimame.

Mwezi wa Ramadhani daktari alinihamishia kidonge baada ya futari, safari zikaisha kama saa saba usiku, nikapata usingizi kidogo kabla ya daku. Lakini alinikubalia kwa sababu mizani ilikuwa imetulia miezi kadhaa. Mwaka wa kwanza alinikataza kabisa, na mgonjwa ana ruhusa yake.

Mseto ukikosekana dukani, usikubali "hii ni kama hiyo" bila kusoma namba. Kidonge changu kimoja ni sawa na spironolaktoni mbili za 25 na nusu ya furosemaidi ya 40. Niliiomba hesabu hiyo iandikwe kwenye kadi kwa mkono wa daktari, maana nimeshaona mtu akipewa vya kutenganisha, kisha mseto ulipopatikana akaendelea na vyote vitatu. Vile vya zamani rudisha dukani au vitenge mbali kabisa na kopo la kila siku.

Na wanaume wenzangu, kifua kikianza kuuma chini ya chuchu na kujaa, si uchawi wala si aibu ya kuificha mwaka mzima kama nilivyofanya kwa kuvaa mashati mapana. Ni spironolaktoni, inagusana na homoni zetu. Mwambie daktari, zipo za kubadilishia: amiloridi, au eplerenoni kama mfuko unaruhusu. Mimi nasubiri majibu ya damu ya wiki ya kwanza ya dawa mpya, mkono ukiwa umelegea.