Land Rover ya petroli, difu ya Range na mlima wa Isongole

Ukiwa na Land Rover Series III fupi, ile 88 ya petroli (inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), lazima umeshaambiwa: "Kaka, weka difu ya Range, gari itaruka." Difu ni bumba la gia katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu, na Range ni Range Rover. Mimi niliambiwa na mafundi watatu, dereva mmoja wa lori, na shemeji yangu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Hakuna aliyeniuliza gari inakaa wapi wala inabeba nini. Yangu inakaa Mbeya na inabeba viazi.

Ushauri wenyewe haukuokotwa hewani. Difu ya Series III ni 4.7, yaani krauni (gia kubwa) ina meno 47 na pinioni (gia ndogo inayoisukuma) meno 10, kwa hiyo propela, ile shafti inayoleta nguvu kwenye difu, inazunguka mara 4.7 kila magurudumu yakizunguka mara moja. Ya Range Rover za zamani na Discovery za mwanzo ni 3.54, meno 46 kwa 13. Bumba zima linaingia kwenye ekseli ile ile bila kukata wala kuchomelea. Unamwaga oili, unachomoa hafushafti (vyuma vinavyotoka kwenye difu kwenda magurudumuni), unafungua boliti nne za propela na nati kumi za difu, unatoa hii unaweka ile. Mwenye 109, ile ndefu, aangalie kwanza ekseli ya nyuma: kama ni ile ya tumbo kubwa yenye mfuniko kwa nyuma, yaani Salisbury, habari hii haimhusu, kwa sababu difu yake haitoki nzima namna hiyo.

Kwenye skrepa usinunue kwa maneno. Chora mstari wa chaki kwenye krauni, zungusha flenji, pale propela inapofungwa, kwa mkono na uhesabu. Krauni ikimaliza mzunguko mmoja wakati flenji imezunguka mara tatu na nusu na chembe, hiyo ni 3.54. Ikikaribia tano, unauziwa uliyonayo nyumbani. Kisha washa tochi uchungulie ndani ambako hafushafti inaingia, uhesabu mifereji: ya Series ni 10, na difu za Discovery za baadaye zina 24. Mimi sikuchungulia. Nilipanda daladala na bumba la chuma mapajani, nikafika nyumbani, hafushafti ikagoma kuingia, kesho yake nikalirudisha mapajani vile vile. Na usikubali krauni ya huku na pinioni ya kule hata kama zote zinang'aa. Zinasagwa pamoja kiwandani, ukizitenganisha zitalia mpaka zife.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kumsikiliza fundi mmoja aliyesema, "Badili ya nyuma tu, mzee, ya mbele si unaitumia mara moja kwa mwaka?" Nikaona ananiokolea pesa, maana kutoa difu ya mbele ni kufungua habu na stabu pande zote mbili kabla hujazifikia hafushafti, na moja ile ya nyuma ilikuwa imeshanila laki nne na kitu. Wiki mbili nilitamba. Masika yakaingia, nikaenda kuchukua viazi juu ya Isongole, tope likafika kwenye rimu, nikavuta mkono mwekundu.

Sasa hapo ndipo pa kuelewa. Kwenye Series III mkono mwekundu ukirudi nyuma unaingiza gia nzito (ya kutembea polepole kwa nguvu) na ekseli ya mbele kwa pamoja, huna hiari. Propela ya mbele na ya nyuma zinazunguka sawa, lakini mbele kuna 4.7 na nyuma 3.54. Kila gurudumu la mbele likitaka kwenda mita tatu, la nyuma linataka kwenda karibu nne. Kwenye tope matairi yanateleza, gari inatembea na wewe unajisifu. Ilipokanyaga changarawe ngumu, matairi yakakosa pa kuteleza, usukani ukawa mzito kama umeshikwa na mtu, na chini kukalia "ta!" moja kavu. Ulikuwa msalaba, yaani jointi, wa propela ya mbele. Shukuru Mungu ulikuwa msalaba, ingeweza kuwa hafushafti au meno ya transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ujanja uliobaki nikaukumbuka nikiwa nimelala chini ya gari: habu zangu za mbele ni za kufungua kwa mkono, yaani naweza kuyaachanisha magurudumu na hafushafti. Nikatoa propela iliyovunjika, nikaachia habu zote mbili, na gia nzito nikaitumia kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Inawezekana, ila uende kama umebeba mayai, maana nguvu yote ya gia nzito inapita kwenye hafushafti mbili nyembamba za mifereji 10.

Baada ya hapo niliweka 3.54 na mbele. Huo ndio usahihi wake, zote mbili au usiweke kabisa. Na barabara ya kwenda Igurusi na Chimala ilikuwa raha tupu, siwezi kukataa.

Tatizo likawa kupanda. Hesabu nilipaswa kuifanya kabla ya kununua, nikaifanya baada ya kununua. Kwanza pima tairi lako, usisome namba zilizoandikwa ubavuni. Weka mzigo wa kawaida, chora chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari mizunguko kumi, pima kwa futi kamba, gawa kwa kumi. Yangu, 7.50-16, ilitoa mita 2.40. Transfa kwenye gia nyepesi ni 1.148. Kwa 4.7, gia ya nne, injini inazunguka mara 5.4 kila tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo kilomita 80 kwa saa ni mizunguko 3,000. Kwa 3.54 ni mara 4.06, na kilomita 80 ile ile ni mizunguko 2,250. Ndiyo maana kelele inapungua na unajiona uko kwenye basi la safari ndefu.

Injini ya lita 2.25 ina farasi kama 70 tu, nazo zinapatikana ikikaribia mizunguko 4,000. Huku kwetu, na mlima mbele yake, ikishuka chini ya 2,500 mimi nahesabu inaomba msaada. Kwa 4.7, mizunguko 2,500 inakupa kilomita 67 kwenye gia ya nne, 44 kwenye ya tatu na 30 kwenye ya pili. Kwa 3.54 inakuwa 89, 59 na 40. Soma tena hizo namba ukiwa unafikiria kona za kutoka Uyole kupanda Isongole nyuma ya lori. Nani atakuachia njia upande kwa kilomita 59? Gia ya tatu inakufa taratibu, unaingia ya pili, injini inapiga kelele na gari inatembea kama punda. Kuanzia kwenye mwinuko ukiwa na mzigo, gia ya kwanza imekuwa ndefu, klachi inanuka. Nilisimama hapo nikisubiri moshi uishe, mama mmoja mwenye ndoo ya viazi akaniuliza, "Baba, imechoka gari au umechoka wewe?"

Kitu ambacho washauri wote walisahau ni hewa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (ya kuisukumia hewa) inapoteza takriban asilimia moja ya nguvu kila unapopanda mita mia. Imebaki na 83 kati ya mia kabla hujagusa kitu. Difu ya 3.54 inakata robo nyingine ya msukumo kwenye gurudumu. Zidisha: unabaki na 62. Aliyekusifia difu hiyo huenda aliijaribu Dar es Salaam, na kule yuko sahihi.

Hata wale wa magari ya zamani ya kukimbizia rekodi kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, wanaumwa na ugonjwa huo huo. Nao wako juu, karibu mita 1,280, na chumvi inateleza, kwa hiyo mwendo unaotoka kwenye karatasi haufiki wote ardhini. Anayeanza huchagua difu ndefu, yaani yenye namba ndogo, kwa sababu anautamani mwendo mkubwa, halafu upepo unamshika kabla injini haijafika kwenye mizunguko ya nguvu zake. Akiweka difu fupi kidogo, gari inakwenda kasi zaidi. Baadhi yao hutumia difu za Halibrand zenye gia mbili nyuma ya mfuniko, unafungua, unabadili jozi, unajaribu tena. Sisi kubadili jozi ni kulala chini ya gari Jumamosi nzima.

Nusura nisahau trafiki. Spidomita ya Series inasoma kutoka kwenye transfa, haijui umebadili nini kwenye ekseli. Ukiweka 3.54, sindano ikisema 50 wewe uko 66. Nilipita kwenye tochi ya kupimia spidi nikiwa na amani yote moyoni. Faini elfu thelathini, na maelezo yangu kuhusu meno 46 kwa 13 hayakumvutia afande.

Kilichoniponya ni kurudisha 4.7 mbele na nyuma, halafu kutafuta ovadraivu ya Fairey, ambayo ni gia ya ziada unayoiingiza na kuitoa. Ilichukua miezi, na ilikula pesa ya ng'ombe wawili, mmoja akiwa mnene. Inakaa nyuma ya transfa, pale penye mfuniko wa duara, na inapunguza mizunguko ya injini kwa uwiano wa 0.78. Kwenye gia ya nne, 80 inakuwa mizunguko 2,350, karibu sawa na difu ya Range. Lakini ukifika mlimani unaitoa, na 4.7 yako iko pale pale. Mbele na nyuma zinalingana, mkono mwekundu unafanya kazi, na kwa sababu iko kabla ya mahali spidomita inapochukulia, sindano haidanganyi.

Utamu ambao sikuutarajia uko kwenye gia ya tatu. Tatu pamoja na ovadraivu inanipa kilomita 57 kwa mizunguko 2,500, katikati kabisa ya 44 na 67. Ndilo pengo lililokuwa linanitesa Isongole miaka yote: tatu inapiga kelele, nne haivuti. Sasa nakanyaga klachi, navuta kile kimkono kidogo, naendelea na safari.

Ina masharti. Oili yake ni yake peke yake na ni kidogo sana, kwa hiyo kupungua kidogo tu ni kifo. Mimi naikagua kila wiki, na kabla ya safari yoyote ya kuvuka Makambako. Gia nzito na ovadraivu kwa pamoja sivitumii. Ukinunua iliyotumika, shika shafti uitikise. Ikicheza, mwachie mwenyewe.

Oili ya difu ni EP90, lita 1.7 kila ekseli, na kabla ya kumwaga ya zamani hakikisha kwanza nati ya kujazia inafunguka. Mwenye gari ambayo hajui ndani kuna difu gani asifungue kitu: inua gurudumu moja la nyuma, zuia yaliyobaki kwa mawe, weka nyutro, zungusha gurudumu mara 20 huku mwenzako anahesabu propela. Ikifika 47 ni 4.7. Ikiishia 35 na kitu, umeshauziwa gari yenye difu ya Range, na sasa unajua kwa nini haipandi.

Zile 3.54 zangu mbili ziko chini ya meza, zimepakwa grisi na kufungwa kwenye gunia la viazi. Aliyefunga injini ya 200Tdi, yenye tabo, aje tuzungumze, atazifaidi. Mwenye 2.25 ya petroli nitamkatalia hata akija na pesa mkononi.